Ukuta wa Muda

Kijiwe chenyewe ni benchi la saruji lililojengwa kuegemea ukuta wa nyumba ya Bi Mkunga, pale barabara ya vumbi inapokaribia kukutana na ya lami. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, juu ya jiko kuna birika, na nyuma ya birika kuna binti wa Bi Mkunga, mwanamke wa makamo ambaye wateja wameshasahau jina lake na wanamwita Mama Birika. Siku hiyo wenyeji wa benchi walikuwa wamekaa kwa mpangilio wao wa kila siku. Saruji, fundi mwashi, alikaa katikati, kwa kuwa benchi alilijenga yeye na hakuna siku aliyosahau kulisema hilo. Sindano, fundi cherehani, alikaa upande wa kivuli. Redio, mzee mwenye mdomo usiozimwa, alikaa mwishoni karibu na birika. Wa nne, Spana, fundi wa magari, alikuwa nyuma ya ukuta huohuo, ndani ya banda, kichwa chake kimezama kwenye boneti ya gari la Bi Mkunga. Tangu alfajiri kilichosikika kutoka huko kilikuwa kimoja tu: nya-nya-nya-nya, sauti ya gari linalobembelezwa liwake nalo halitaki.

– Betri hiyo, – alisema Saruji.

– Betri ni mpya, – alijibu Mama Birika, akimimina kahawa bila kumtazama.

– Ndiyo tatizo. Ni mpya mno. Imeingia kwenye gari la watu haijui hata iamkie nani.

– Si betri, – alisema Sindano. – Ni rangi. Gari lilikuwa rangi ya maziwa, nyinyi mkalipaka kijani. Hebu fikiria wewe, Saruji, umelala usingizi wa miaka yote ile, unaamshwa, unajikuta kijani. Utaitika?

– Mimi nitaitika, nikijua ni nani aliyenipaka.

– Na viti ulivyovishona wewe, – Redio alimgeukia Sindano, – kitambaa cha mapazia, maua makubwa kama masahani. Gari linaona haya, bwana. Linasikia watu wako nje.

Mama Birika alicheka puani. Hakuwa na nafasi ya kucheka zaidi. Saa kumi jioni mama yake angefika, na kabla ya saa kumi gari lile lilitakiwa liwe barabarani linanguruma. Hayo hayakuwa mapenzi yake. Lilikuwa sharti.

Bi Mkunga alilinunua gari lile ujanani, kwa mshahara wake mwenyewe, na kwa miaka mingi lilikuwa likimpeleka kwa wanawake wenye uchungu, mvua inyeshe jua liwake. Macho yalipoanza kuingia ukungu aliliingiza bandani, akafunga, akatembea kwa miguu. Juzijuzi kaka yake Mama Birika, mtu mwenye nafasi yake katika mji mwingine, alimchukua mama akafanyiwa upasuaji wa macho, upasuaji ukafanikiwa, na tangu hapo akawa hataki kumrudisha. Alisema mama ni mtu mzima, akae kwake moja kwa moja, nyumba yake ya huku iuzwe. Nyumba ya kaka ilikuwa nzuri, yenye sakafu inayong'aa, na kila mara Mama Birika alipopiga simu, mama yake alimjibu kwa kunong'ona: "Mwanangu, huku hata ufagio wananinyang'anya. Nakaa sebuleni naulizwa kama nimekula."

Hatimaye Bi Mkunga alimwambia mwanawe, mbele ya mke na watoto wake, kwamba hataki mabishano. "Siku nitakayofika nyumbani," alisema, "nikilikuta gari langu barabarani linawaka, sihami. Nisipolikuta, tutafunga vilivyobaki twende zetu." Kaka alikubali akicheka. Alikuwa ameliona gari mara ya mwisho panya wakizalia ndani ya kiti cha nyuma.

Ndipo kijiwe kizima kikaingia kazini. Spana akafungua injini hadi nati ya mwisho. Sindano akashona. Redio akapaka rangi, na kijani kilikuwa ndiyo rangi pekee aliyokuwa nayo. Saruji akatoa ushauri.

Nya-nya-nya-nya, lilisema gari. Kisha, kwa uchovu: nya.

– Mimi ninayo sababu, – Redio alisema, akaweka kikombe chini. Redio akiweka kikombe chini watu hujipanga. – Mnajua nilizaliwa wapi?

– Kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo, – walijibu wote kwa pamoja, kwa sauti ya watoto wanaosoma ubaoni.

– Vema. Sasa sikilizeni. Gari lile halijawahi kuendeshwa na mwanamume. Tangu litoke dukani, sauti liliyoizoea ni ya Bi Mkunga akimhimiza mzazi. Ndiyo wimbo wake wa kuamkia. Spana anakaa mle ndani anatukana, gari linashangaa, linasema hapa si kwetu. Mnataka liwake? Liambiwe linachokijua.

– Liambiwe nini?

Redio alisimama, akapanda juu ya benchi na viatu vyake, Saruji akapiga kelele "lipu yangu!", lakini mzee alikuwa ameshaweka mdomo kwenye tundu la hewa lililo juu ya ukuta. Akavuta pumzi.

– Sukuma, mama! Sukuma! Usikaze shingo! Sukumaaa!

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na mabeseni walisimama. Mbwa alibweka. Halafu ndani ya banda kitu kilikohoa, kikakohoa tena, kikapasuka kama debe lililodondoka kutoka ghorofani, na injini ikaanza kunguruma, trrrrrrr, sauti nene yenye mikwaruzo. Moshi mweusi ukatoka kwenye tundu ukampiga Redio usoni.

– Limezaliwa! – alipiga ukelele, uso umekuwa kama chungu cha kupikia. – Dume!

Hapo adabu ikaisha. Sindano alimkumbatia Saruji, kisha akakumbuka kwamba ugomvi wao wa suruali haujaisha, akamwachia. Saruji akapiga benchi makofi kama ngoma. Mama Birika, ambaye hakuwa mtu wa kurukaruka, alijikuta amesimama na birika mkononi akicheza mabega, na kahawa ikamwagikia mkaa, pssss. Kutoka ndani Spana alikuwa akipiga mayowe kwamba ni kabureta, ni kabureta alikuwa ameisafisha, wala si uzazi wa mtu, lakini nani amsikilize?

– Kahawa ya duru hii ni ya bure, – alisema Mama Birika.

Hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea, na kwa muda walikaa wakilitafakari kwa heshima.

Kisha wakaanza kugombea viti.

– Mbele nakaa mimi, – alisema Redio. – Nimeliwasha.

– Wewe ulizaliwa nyuma, kaa nyuma, – alisema Sindano. – Anayekaa mbele ni aliyeshona. Nataka nione watu wakiona maua.

– Na mimi? – aliuliza Saruji.

– Wewe ulifanya nini kwenye gari hili?

– Nilifanya benchi. Msingekaa hapa, mngepanga wapi mambo yote hayo? Mngesimama juani? – Akalipapasa benchi kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. – Hili, ndugu zangu, dunia ikiisha mtalikuta hapahapa. Ndani lina nondo. Na ukuta wake, tofali mbilimbili. Sijajenga kitu kama hiki tena maishani mwangu.

Wakati huo mpangaji mpya wa nyumba ya ng'ambo alivuka barabara na chupa yake ya chai mkononi. Alikuwa muuguzi, ana wiki tu mtaani, na alikuja kununua kahawa ya kwenda nayo kazini. Alisimama akasikiliza mngurumo nyuma ya ukuta, akatabasamu.

– Hongereni, jamani. Hilo ndilo gari la bibi niliyesikia habari zake?

– Ndilo hilo! – alisema Redio, meno meupe kwenye uso mweusi. – Leo saa kumi linakuwa barabarani.

– Ahaa, – alisema muuguzi. Akatazama ukuta kutoka kona moja hadi nyingine. Akatazama mlango mdogo wa jikoni ulioko ubavuni. Akatazama tena ukuta. – Samahani lakini. Litatokea wapi?

– Litatokea... – alisema Redio, akanyoosha kidole.

Kidole kilibaki hewani. Kilianza kuelekea kushoto, kikarudi kulia, mwishowe kikashuka chenyewe.

Wote watatu wakageuka taratibu pale walipokaa, wakautazama ukuta waliokuwa wakiuegemea kila siku ya Mungu.

Mama Birika akautazama mlango wa jikoni. Injini yenyewe, ilipofunguliwa, ilitolewa kupitia mlango wa jikoni ikining'inia kwenye gongo, ikarudi hivyohivyo. Viti vilipita kwa ubavu. Milango ilipita mmojammoja, magurudumu yalibingirishwa kati ya jiko na kabati la vyombo, na mara zote yeye ndiye aliyesogeza kabati. Kila kitu kilikuwa kimepita vizuri sana. Ndiyo maana hakuna aliyefikiri.

Mlango wa jikoni ukafunguka, Spana akatoka anafuta mikono kwenye kitambaa, anang'aa kwa furaha na grisi.

– Mbona kimya? Hamlisikii?

– Spana, – alisema Mama Birika, – litatokea wapi?

Spana akasema kwa heshima zote:

– Dada yangu, mimi ni fundi wa gari. Kazi yangu liwake. Limewaka.

Mama Birika akamgeukia mwashi, ambaye ghafla alikuwa amepata jambo la kutazama ndani ya kikombe chake.

– Saruji. Hapa palikuwa na lango.

– Lilikuwepo.

– La mbao, milango miwili. Mimi mwenyewe nilikuwa nalifungua nikiwa msichana. Nani aliliziba?

– Mama yako aliniambia.

– Alikwambiaje?

– Alisema... alisema, mwanangu, niwekee hapo kiukuta, cha muda tu, gari lisiibiwe mpaka macho yangu yapone.

– Cha muda.

– Ndiyo.

– Na wewe ukaweka nini?

– Tofali, – alisema Saruji kwa sauti ndogo.

– Moja moja?

– Mbilimbili.

– Halafu?

– Na nondo.

– Halafu?

– Na benchi. Kwa mbele. La kuushikilia ukuta.

– Usiende wapi? – aliuliza Sindano.

– Mama Birika, mimi sijui kujenga vitu vya muda! – Saruji alisimama, mikono kifuani. – Nilijaribu. Nilianza kwa udongo, nikaona aibu, nikaubomoa usiku nikaanza upya. Mtu akipita hapo atauliza nani kajenga, ataambiwa Saruji. Ningefanyaje?

Muuguzi alimimina kahawa yake kwenye chupa, lakini hakuondoka. Aliona kazini kwake hapangekuwa na jambo kama hili.

– Tusiingie wasiwasi, – alisema Redio. – Akili zipo. Tunaezua paa, tunaleta ile winchi ya wanaojenga ghorofa, tunalinyanyua gari juu. Bi Mkunga anafika, anaangalia, gari linateremka kutoka mbinguni. Kaka mtu anaokoka palepale.

– Wazo zuri sana hilo, – alisema Saruji haraka. – Benchi halina shida.

– Winchi iko mjini, – alisema Mama Birika.

– Basi tulifungue tena, – alisema Sindano. – Lipite jikoni vipandevipande, tuliunge barabarani.

– Zuri pia hilo! – alisema Saruji.

– Nimekuwa nikilifunga tangu mvua za mwanzo, – alisema Spana. – Mnataka nilifunge tena kabla ya saa kumi?

– Kwani uko peke yako? – alisema Saruji. – Sisi tutakusaidia kushauri.

– Sikilizeni, – Redio aliinua mkono. – Sharti linasema gari liwe barabarani. Sivyo? Sasa barabara ni nini? Ni mahali watu na magari wanapopita. Tukipita sote ndani ya banda, tunaingilia jikoni tunazunguka gari, tunatokea jikoni, tunapigiana na honi, si tayari ni barabara? Tunasogeza barabara, hatusogezi gari.

– Tutaweka na kibao cha kituo, – alisema Sindano.

– Benchi linaweza kuwa la abiria wanaosubiri, – alisema Saruji, macho yanamwaka.

Simu ya Mama Birika ililia ndani ya mfuko wa aproni. Alipoipokea alisikia kwanza upepo wa dirisha la gari, kisha sauti ya kaka yake.

– Tumewahi kutoka. Tumeshavuka daraja. Waambie hao wazee wako kijiwe kifungwe, mama atahitaji kupumzika kidogo kabla hatujaanza kufunga vitu.

Kwa nyuma, sauti ya mama yake, nyembamba na yenye haraka: "Muulize linawaka?"

Simu ikakatika. Kutoka darajani ni mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa, cha mtu mwenye maneno mengi.

Mama Birika alifunika birika. Akafunga kanga kiunoni juu ya aproni.

– Inukeni.

– Kahawa yangu haijaisha, – alisema Redio.

– Inukeni, nimesema.

Mfuko wa vifaa vya Saruji ulikuwa chini ya benchi, mahali pake pa siku zote. Mama Birika alichomoa nyundo kubwa, ile ya mpini mrefu, akaiyumbisha, akaipiga katikati ya benchi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo. Nyundo ikadunda, nusura imrudie usoni. Kwenye benchi palibaki alama ndogo kama iliyodonolewa na kuku.

Uso wa Saruji ulikuwa kitu cha kutazama. Nusu yake ilikuwa inalia, nusu nyingine inashindwa kuficha kicheko cha majivuno.

– Mnaona? – aliwaambia wenzake. – Si niliwaambia?

Mama Birika akapiga tena. Ikaruka punje moja tu.

– Dada, unaliumiza bure, – alisema Saruji. – Kazi ile haivunjwi hivyo.

Aliiteremsha nyundo, akaiegemea, akamtazama mwashi machoni. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kupandishia.

– Saruji, nisikilize mara moja tu. Mama akienda kwa kaka, nyumba inauzwa. Nyumba ikiuzwa, atakayenunua hatataka wazee wanne ukutani kwake wakimhesabia wageni. Benchi litavunjwa, birika litahama, na atakayelivunja atakuwa kijana wa mkandarasi anayetafuna bazoka, asiyejua hata nani alilijenga. Sasa chagua wewe. Livunjwe na yule, au na aliyelijenga.

Saruji alipitisha kiganja juu ya benchi toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akavua shati, akalikunja, akampa Sindano.

– Lete hapa hiyo nyundo, – alisema. – Mnashika nyundo kama mnatwanga. Pembeni ndiyo unaanza. Spana, lete jeki! Redio, ondoka hapo, mguu wako utabaki. Na mtu yeyote asiniambie polepole, kama kazi ni kuvunja, mimi sivunji ya muda!

Sijui kama mtaa ule uliwahi kuona watu wazima wakifurahia vumbi namna ile. Saruji alipiga pembeni pale alipojua nondo zimeishia, pau, benchi likaitikia kwa ufa mwembamba. Spana aliingiza jeki ya gari chini ya ufa akazungusha, na kipande kikubwa kama jeneza la mtoto wa tembo kikajinyanyua. Sindano aliviringisha mawe. Wanawake wa mabeseni waliweka mabeseni chini wakapanga mstari wa kupokezana tofali. Muuguzi aliacha chupa yake dirishani akaingia naye, viatu vyake vyeupe vikawa rangi ya ukuta. Redio alisimamia, maana kila kazi ina msimamizi.

– Sukuma! – alikuwa akipiga kelele kwa kila pigo. – Usikaze shingo!

Mwanga wa jua ukaingia bandani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ukaangukia taa moja ya gari. Ilionekana kama jicho linalofunguka. Ukuta ulikuwa umefika nusu wakati gari la kaka, jeupe, safi, liliposimama kando ya jiko la mkaa.

Kaka akashuka. Alivaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye makwapa. Akatazama kifusi, akamtazama dada yake aliyekuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi.

– Nini hiki? Gari liko wapi?

– Ndani. Linawaka. Si unalisikia?

– Nalisikia. Lakini makubaliano yalikuwa barabarani. – Aliangalia saa yake, hakuwa na ubaya, alikuwa tu mtu aliyezoea kushinda. – Mnisamehe, mmejitahidi. Mama! Umejionea mwenyewe, halipo. Shuka basi tukafunge vitu.

Mlango wa nyuma haukufunguka. Kioo kilishuka kidogo, yakaonekana macho mawili ya Bi Mkunga, maangavu, hayana hata miwani.

– Nishuke niende wapi?

– Mama, tumefika.

– Wewe ndiye umefika, mwanangu. Mimi nilisema siku nitakayofika. Mtu hajafika mpaka akanyage chini. Mimi bado niko safarini.

– Mama, gari limesimama mlangoni kwako!

– Gari lako limesimama. Labda limechemka njiani. Na pandisha kioo, vumbi baya kwa macho yangu, daktari alisema. – Kisha akakumbuka, akakishusha tena kidogo. – Mama Birika! Kahawa haipo hapo? Msafiri anakufa kiu.

Mama Birika alimpelekea kikombe. Mama yake alikipokea kupitia upenyo wa kioo, na vidole vyao vilipogusana bibi akamfinya, kidogo tu, akanong'ona: "Haraka. Huyu ana kichwa kigumu, kakirithi kwa baba yake." Kisha kwa sauti ya wodini:

– Saruji! Huko kushoto imebaki nondo moja, naiona kutoka huku! Si nilikwambia ukuta wa muda?

– Ni wa muda, Mama! – alijibu Saruji, jasho limechora mifereji kifuani. – Muda wake unaisha leo!

Wakacheka hadi Sindano akaangusha jiwe mguuni, akacheka na hapo.

Nondo ya mwisho ilikatwa. Spana aliruka ndani ya gari, akaingiza gia, likasogea, likafika kwenye kizingiti cha kifusi, gurudumu likazunguka mahali pamoja. Hapo Bi Mkunga alishusha kioo chote, daktari aseme atakavyo.

– Wote nyuma! Mikono chini ya buti! Sasa... sukuma!

Sauti ile hakuna aliyewahi kuibishia. Saruji, Sindano, Redio, muuguzi, wanawake wa mabeseni, wote waliinama. Mama Birika aliweka bega. Pembeni yake aliona shati lililopigwa pasi nalo limeinama, kaka yake anasukuma na macho amefumba, akitii kama alivyotii utotoni, kabla hajakumbuka kwamba anasukuma dhidi yake mwenyewe. Gari likapanda kifusi, likatua barabarani, likasimama juani linatetemeka: kijani, lenye vumbi, maua makubwa yakionekana kila dirishani.

Mlango wa gari jeupe ukafunguka. Bi Mkunga alishusha mguu mmoja, akautazama, akashusha wa pili.

– Sasa, – alisema, – nimefika.

Akalizunguka gari lake mara moja. Akagonga boneti kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi.

– Nani kalipaka kijani?

Vidole vyote vikamwelekea Redio.

– Na haya maua?

Vikamwelekea Sindano.

– Haya, – alisema Bi Mkunga. – Angalau sitalipotezea sokoni. – Akamgeukia mwanawe, akamfuta vumbi begani. – Asante kwa kunileta, baba. Niteremshie mizigo.

Kaka alifungua buti. Akachungulia ndani.

– Mama. Mbona umebeba nguo zako zote? Na mto? Si tulikuwa tunakuja kufunga vilivyoko huku?

– Nilikuwa nahisi baridi njiani, – alisema Bi Mkunga, tayari yuko nyuma ya usukani.

Kuingia garini hakukuwa na utaratibu. Redio alidai mahali alipozaliwa, Sindano akakalia maua yake mbele, akatolewa na muuguzi aliyeambiwa akae mbele kwa kuwa ndiye aliyeuliza. Sindano akabanwa nyuma kati ya Saruji na Redio, shati la Saruji bado likiwa mkononi mwake. Spana akajikunja miguuni mwao. Mama Birika aliingia mwisho, nusu yake ikiwa juu ya goti la mwashi.

– Kaka! – aliita kupitia dirishani. – Nilindie vikombe!

Kaka akabaki amesimama kando ya jiko, amezungukwa na vikombe, mto wa mama yake kwapani. Mteja alikuwa ameshafika anamwuliza kama kahawa ipo.

Gari likaondoka kwa mruko, likapita njia ya vumbi, watu wakipiga mbinja, na lilipofika kwenye lami Bi Mkunga akalisimamisha. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

– Haya, – alisema. – Tunakwenda wapi?

Walikuwa wamebishana juu ya betri, rangi, viti, nani akae wapi na nani aliwashe, na hilo halikuwahi kufika benchini. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe humo, hakikutoka kitu. Injini ilikuwa ikisubiri, trrrrr.

– Dukani, – alisema Mama Birika. – Kahawa imekwisha. Na mfuko wa saruji, watu hawawezi kukaa juu ya kifusi.

– Benchi la muda tu, – alisema Bi Mkunga, akimwangalia Saruji kwenye kioo.

– La muda, Mama, – alisema Saruji. – Ila nondo mbili tu. Za kulishikilia.

Bi Mkunga akaingiza gia, akakata kulia.